Tovuti ni yetu watatu, jina liko kwa mmoja: mwenye mali ni nani?

"Shikamoo kaka. Mwaka 2019 tulianzisha tovuti ya katuni, anime, gemu na filamu, watatu tuliosoma pamoja, hapa Mwanza. Mimi ndiye mhariri, na zaidi ya nusu ya makala nimeziandika mimi. Mwenzangu mmoja ni mtu wa kompyuta: alilipia domeni kwa kadi yake na mpaka leo ndiye anayeilipia. Wa tatu ni mchoraji. Nembo ni yake, na yule paka wetu ambaye wasomaji wanamjua kuliko wanavyotujua sisi ni wake. Tuna vijana sita wanaotuandikia bure. Hatujawahi kuandikishana kitu. Sasa kampuni moja ya matangazo ya Dar inataka kuinunua kwa milioni 18. Yule wa kompyuta anasema tovuti iko kwa jina lake, ila atatutoa na chochote. Mchoraji amenuna, hapokei simu. Kijana mmoja naye anasema makala zake zisiuzwe. Kisheria mwenye mali ni nani? Na je, tuuze? Tumepewa wiki mbili. Na je, yule wa kompyuta nimfungulie kesi sasa hivi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilimtafuta mwizi na sikumwona. Nilichokiona ni watu watatu ambao kwa miaka yote hii waligawana kazi bila kuulizana hata siku moja kazi hiyo inazaa nini na kinachozaliwa ni cha nani. Hilo ni la kawaida kabisa. Washabiki wa kutupwa wa katuni na gemu huanza kwa mapenzi, na mtu aliye kwenye mapenzi haandiki mkataba.

Niseme mapema kwamba mimi si wakili. Nimehariri magazeti ya vijana, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kukaa na vikundi kama chenu, wachora katuni, watengeneza gemu, watu wa podikasti, kuwasaidia kuweka mambo yao kwenye karatasi kabla ya kugombana. Aghalabu huitwa wakishagombana. Kwa hiyo nyinyi mmewahi, hata kama mchoraji hapokei simu.

Tuanze na huyo mwenye kadi. Anachosema kina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayomdanganya. Domeni, yaani lile jina la tovuti ambalo msomaji huliandika ili kuifungua, hainunuliwi kama kiwanja. Unaikodi kwa mwaka mmoja au kadhaa, na kampuni inayokukodisha inamtambua mtu mmoja tu, yule aliyeandikwa kama msajili na mwenye barua pepe iliyowekwa pale. Fikiria fremu ya duka pale Makoroboi. Mwenye nyumba anamjua aliyetia saini mkataba wa pango, na akitaka kumfungulia mtu mlango atamfungulia huyo. Lakini sukari, unga na friji vilivyomo ndani haviwi mali yake kwa sababu tu jina lake liko kwenye mkataba wa pango. Mwenzako ameshika mlango. Vilivyomo ndani ni habari nyingine.

Ila usiudharau mlango. Miaka ya nyuma mimi na wenzangu wawili tulikuwa na tovuti ya katuni. Domeni tulisajiliwa na fundi mmoja mwenye duka la kompyuta, kwa jina lake na barua pepe yake, maana sisi hatukuwa na kadi ya benki inayolipa mtandaoni. Fundi akafunga duka, akahama mji. Barua za kukumbusha malipo zikawa zinaingia kwenye anwani ambayo hakuna aliyeifungua. Muda ulipoisha, zikapita zile wiki za msamaha, halafu siku 30 za kuikomboa kwa bei kubwa, na sisi hatuna habari. Siku moja niko kwenye daladala nikafungua simu nimwonyeshe kijana aliyekaa pembeni kazi yetu. Ikafunguka kurasa ya kubeti. Jina ni lile lile tulilolibuni sisi, na chini yake odi za mechi za Jumamosi. Hakuna aliyetuibia kitu, mlango tu haukuwa na mtu wetu. Kwa hiyo huyo mwenzako anayeilipia kila mwaka bila kusahau amewafanyia jambo ambalo sisi hatukufanyiwa, na mkikaa kuzungumza, anza kwa kulitaja hilo.

Sasa wewe. Umeandika zaidi ya nusu ya makala na moyoni unahisi zaidi ya nusu ya tovuti ni yako. Haiendi hivyo. Watu wanapofanya shughuli pamoja kwa lengo la kupata faida na kugawana, sheria inaweza kuwahesabu kuwa wabia hata kama hawajaandikishana. Kwa Tanzania mambo ya ubia yamo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na kanuni yake ya msingi ni kwamba pasipo makubaliano mengine, wabia hugawana faida sawa kwa sawa. Haiulizi nani alikesha. Kanuni hiyo inakuumiza wewe kidogo na inamuumiza mwenye kadi zaidi, kwa sababu yeye alikuwa anataka yote. Kama kweli mlikuwa wabia ni jambo la kuthibitisha: je, hela ya matangazo iliyowahi kuingia mliigawa? Gharama mlichangiana? Kuna ujumbe wa WhatsApp ambamo mlisema "tovuti yetu"? Usifute kitu kwenye simu yako sasa hivi.

Mchoraji ndiye mnayemsahau, na ndiye mwenye turufu. Hakimiliki ya mchoro huzaliwa pale mchoro unapochorwa. Haisubiri kusajiliwa popote, ingawa kuiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunasaidia siku ya ushahidi. Kama angekuwa mwajiriwa wenu na kuchora ni sehemu ya ajira yake, haki za kiuchumi zingekwenda kwa mwajiri isipokuwa mkataba ungesema vinginevyo. Hakuwa mwajiriwa wa mtu. Hakuwahi kutia saini kuwapa paka wala nembo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inataka uhamishaji wa haki uwe wa maandishi, kwa hiyo miaka yote hii mmekuwa mkimtumia paka kwa ridhaa yake. Mnunuzi akitaka nembo na paka, na nina hakika anawataka, karatasi hiyo lazima ipitie mkono wa mchoraji. Kununa kwake kuna maana kuliko mnavyodhani.

Kijana anayesema makala zake zisiuzwe yuko kwenye nafasi hiyo hiyo kwa kiwango kidogo. Aliwapa makala mchapishe, na mmechapisha. Kuziuza kwa mtu wa tatu hakukuwemo. Mtafuteni kila mmoja wa wale sita, mwandikieni barua fupi ya ruhusa, na kama kuna hela inaingia, walipeni. Asiyetaka, makala zake ziondolewe kabla ya mauzo. Msimlazimishe wala msimkejeli, maana hawa ndio mtakaokutana nao kwenye kila maonyesho ya katuni maisha yenu yote. (Wasomaji wa Kenya, kwenu kuna tofauti: kazi iliyoagizwa, chini ya sheria yenu ya 2001, kwa kawaida huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza. Msichukue jibu hili mkaenda nalo Nairobi kama lilivyo.)

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba hakuna hata mmoja wenu anayeweza kuuza tovuti hiyo peke yake. Mwenye kadi anaweza kuuza mlango. Mchoraji anaweza kuuza paka. Wewe una makala zako. Mnunuzi mwenye akili hatoi milioni 18 kwa kipande, na wakili wake akianza kuuliza maswali, kipande ndicho atakachokikuta.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna jambo kuhusu tovuti za namna yenu ambalo wanunuzi wengi wenyewe hulielewa wamechelewa. Wakubwa wetu walisoma gazeti la Sani miaka ya 1980, wakamjua Ndumilakuwili na Lodi Lofa kabla ya kumjua waziri yeyote. Jina lenyewe, Sani, liliunganishwa kutoka majina ya watu wawili walioliasisi, Saidi na Nico. Msomaji wa katuni, wa gemu, wa filamu, hafuati chombo. Anafuata mtu ambaye ladha yake anaiamini. Ukimtoa mtu huyo, jina linabaki kama kibao juu ya mlango.

Mfano ninaoupenda ni wa Marekani. Novemba 2007 Jeff Gerstmann, mhariri wa tovuti ya gemu ya GameSpot, alifukuzwa kazi baada ya kuipa gemu moja alama 6 kati ya 10 wakati tovuti yake mwenyewe imejaa matangazo ya gemu hiyo. Mwaka uliofuata yeye na Ryan Davis wakafungua Giant Bomb, na wasomaji wakahama nao. Giant Bomb nayo ikauzwa, ikapita mikononi mwa kampuni moja baada ya nyingine mpaka ikafika kwa kampuni ya Fandom, na Mei 2025 ikanunuliwa na watu wawili waliokuwa wakiifanyia kazi, Jeff Bakalar na Jeff Grubb. Baada ya kuzunguka kote huko, ikaishia kwa wafanyakazi.

Wa pili ni wa karibuni zaidi. Novemba 2023 mwenye tovuti ya gemu ya The Escapist alimfukuza mhariri mkuu, Nick Calandra. Timu ya video ikajiuzulu pamoja naye, akiwemo Yahtzee Croshaw, ambaye tangu 2007 alikuwa akifanya pale kipindi cha Zero Punctuation cha kuchambua gemu kwa ulimi wa pilipili. Wakaanzisha Second Wind, wakategemea michango ya watazamaji wenyewe. Lakini angalia kilichotokea: jina la kipindi lilibaki kwa kampuni. Miaka 16 ya kazi, na akalazimika kuanza na jina jipya, Fully Ramblomatic. Sauti ile ile, ucheshi ule ule, jina kaliacha nyuma. Kama angekuwa na karatasi tangu 2007 inayosema jina ni la nani, pengine mambo yangekuwa mengine. Mpeni mchoraji wenu mfano huu ausome kabla hamjagusia habari ya paka.

Sasa la kuuza. Milioni 18 zinaonekana nyingi mkizitazama kwa ujumla. Zigaweni. Mkigawana sawa ni milioni 6 kila mmoja, kabla ya kodi, kabla ya wakili, na kabla ya kuwapa vijana sita kitu cha heshima. Halafu chukueni kalamu: kwa miezi 12 iliyopita tovuti imeingiza kiasi gani baada ya kutoa gharama ya seva, domeni na vifurushi vya intaneti? Tuseme, kwa mfano tu, mnabaki na 300,000 kwa mwezi. Milioni 18 ni miezi 60 ya mapato hayo, miaka mitano mnapewa leo. Kwa hesabu hiyo ni bei nzuri sana na ningewaambia mfikirie kwa makini. Lakini kama mnabaki na 900,000, mnauza miezi 20 tu, na ningewaambia msubiri. Sijui takwimu zenu ni zipi. Nyinyi mnazijua, au mnatakiwa kuzijua kabla ya mtu yeyote hajatia saini.

Katika hesabu hiyo msijumlishe akaunti ya AdSense, ile ya matangazo ya Google, kama kitu mnachouza. Akaunti ile ni ya mtu na haihamishiki kwa mtu mwingine. Mnakumbuka ile bahasha ya Google yenye namba sita, inayokuja kwenye sanduku la posta mapato yakifika dola 10? Jina lililokuwa juu ya bahasha ndilo jina la mwenye akaunti, na malipo huanza kumwendea yeye yakifika dola 100. Kama ni la mwenye kadi, basi kwa miaka yote hiyo hela ya matangazo ilipitia kwake, na sehemu ya manung'uniko yenu huenda inatoka hapo hata kama hamjaitamka. Mwombeni taarifa ya malipo kwa upole. Akiwa msafi ataitoa dakika hiyo hiyo.

Ulizeni pia mnunuzi anataka kufanya nini na tovuti. Rooster Teeth ilianzishwa 2003 na marafiki huko Austin, Texas, wakifanya vichekesho kwa kutumia gemu. Waliiuza 2014, ikapita kwa wakubwa kadhaa, na 2024 Warner Bros. Discovery ikaifunga. Mapema 2025 mmoja wa waasisi, Burnie Burns, akalinunua tena jina. Kuuza si dhambi, na waasisi hawakukosea kula matunda ya jasho lao. Ninachotaka mjue ni kwamba ukishauza, anayeamua siku ya kufunga si wewe. Kampuni ya matangazo inaweza kuwa inataka wasomaji wenu tu, iwatangazie simu na vifurushi, na uchambuzi wa anime ukafa kimya kimya ndani ya miezi sita. Kama mtaumia kuliona hilo, liwekeni mezani sasa.

Kuna njia za kati ambazo mnunuzi hatawatajia asipoulizwa. Anaweza kununua nafasi ya matangazo kwa mwaka mzima badala ya tovuti. Anaweza kununua sehemu, tuseme asilimia 30, nyinyi mkabaki waendeshaji. Au mmoja wenu aliyechoka anaweza kununuliwa na wenzake kwa awamu. Njia ya tatu ndiyo ninayoiona inawafaa watu wengi wa aina yenu. Maana mara nyingi anayetaka kuuza si kwamba anataka hela, ni kwamba amechoka kuamka saa nane usiku tovuti ikianguka na hakuna anayemshukuru. Muulizeni mwenye kadi kama ndivyo.

Na mnapogawana, msimdharau mtu asiyeandika wala kuchora. Penny Arcade, tovuti ya katuni za gemu, ilianzishwa 1998 na mwandishi na mchoraji, Jerry Holkins na Mike Krahulik. Biashara ilisimama vizuri baada ya 2002, alipoingia Robert Khoo, mtu ambaye hakuchora hata kisanduku kimoja cha katuni. Miaka miwili baadaye walikuwa na maonyesho yao wenyewe, PAX. Mtu wa tatu ana thamani yake.

Pendekezo langu la mgawanyo ni theluthi kwa theluthi, ikitolewa kwanza sehemu ya vijana. Najua umenuna kidogo kwa kusoma hivyo. Unaweza kuhesabu makala, yeye atahesabu masaa ya seva, mchoraji atahesabu michoro, na mtafika mwezi wa tatu hamjamaliza, na mnunuzi ameshakwenda. Kama mtaamua kutouza, hapo ndipo mgawanyo usio sawa unapokuwa na maana, na uufanye wa kuiva: kila mmoja sehemu yake inakamilika kidogo kidogo kwa miaka minne anapoendelea kufanya kazi, ili anayeondoka mwakani asiondoke na theluthi nzima.

Kwa wiki hii fanyeni hivi. Kwanza mwandikieni mnunuzi kwamba mnashukuru, mnahitaji wiki sita kukamilisha nyaraka za umiliki. Anayetaka kweli atasubiri. Anayekataa kusubiri alikuwa anategemea haraka yenu. Pili, nenda kwa mchoraji mwenyewe, usimpigie. Nenda nyumbani, na usiende na karatasi. Tatu, kaeni watatu, muandike kurasa moja kwa mkono. Si lazima iwe na Kiswahili cha mahakamani. Mstari wa kwanza uwe hivi: "Tovuti hii, jina lake, domeni yake, na kurasa zake zote za mitandao ya kijamii ni mali ya sisi watatu kwa pamoja, bila kujali zimesajiliwa kwa jina la nani." Wa pili: "Paka na nembo ni vya mchoraji, anaipa tovuti ruhusa ya kuvitumia, na havitauzwa bila saini yake." Wa tatu utaje migawo. Wa nne useme uamuzi wa kuuza unahitaji wangapi kati ya watatu; mimi ningesema wote. Tarehe, majina kamili, saini, mashahidi wawili. Kila mtu apige picha.

Baada ya hapo ndipo muende kwa wakili, na hapa sitanii: msitie saini mkataba wa mnunuzi bila wakili kuusoma, hasa mkiona kifungu kinachosema mnahakikisha kwamba kila kilichomo ni mali yenu na mtalipa fidia ikibainika vinginevyo. Mna picha ngapi za filamu mlizoziokota Google? Kifungu hicho kinaweza kuwala zaidi ya milioni 18. Wakili pia awaambie kama mnahitaji kampuni, maana jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, peke yake halitengenezi mtu mwingine kisheria, nyinyi watatu mnabaki kuwa ndio wadaiwa. Nendeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mkaulize kama leseni ya maudhui mtandaoni inawahusu na mnunuzi atairithi au ataomba yake. Kanuni zilianza 2018 na zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, ada pia, kwa hiyo msitegemee alichowaambia rafiki mwaka juzi.

Kama kabla ya hayo yote mwenye kadi akibadilisha neno la siri na kuwafungia nje, usianze kumtukana kwenye kundi. Siku hiyo hiyo hifadhi nakala ya kila ulichonacho, picha za skrini zenye tarehe, risiti za M-Pesa mlizochangiana, kisha nenda kwa wakili aandike barua ya madai. Barua moja yenye muhuri mara nyingi inatosha.

Umeniuliza mwisho kabisa, kwa maandishi madogo, kama umfungulie kesi sasa hivi. Hapana. Hajafanya kitu bado, amesema tu. Mpigie leo jioni, umuulize lini domeni inakwisha muda.